Tabia Inayolipa: Usalama wa Shule Unavyoanzia Darasa la Kwanza

Binadamu hupiga, huuma na kusukuma wenzake mara nyingi zaidi akiwa na miaka 2 hadi 4 kuliko wakati mwingine wowote maishani. Mtafiti wa Kanada, Richard Tremblay, ndiye aliyelisisitiza jambo hili baada ya kuwafuatilia watoto wa Quebec mwaka baada ya mwaka, na likageuza swali lililozoeleka. Zamani watu waliuliza kijana huyu kajifunzia wapi ugomvi. Kumbe ugomvi karibu kila mtoto anao kabla hajajua hata kuongea vizuri. Kinachojifunzwa ni kuuacha: kuomba badala ya kunyang'anya, kungoja zamu, kukasirika bila kunyanyua mkono. Wengi hufika darasa la kwanza wameshajifunza. Wachache hufika bado, na makala hii inawahusu hao pamoja na watu wazima wanaowazunguka.

Kabla ya kwenda mbali, kuna fundo la kufungua. "Usalama wa shule" kwa Mmarekani wa leo ni mtu kuingia shuleni na bunduki, kama ilivyotokea Columbine, Colorado, mwaka 1999. Kwa mwanafunzi wa kawaida, awe Marekani au kwingine, ni mambo ya kila siku: kupigwa nyuma ya vyoo, kuporwa hela ya mandazi, kuzomewa mpaka anaogopa kuja shule, kuchapwa. Utafiti wa kuwasaidia watoto wadogo mapema unahusu zaidi hayo ya pili. Anayeuza programu ya chekechea kwa ahadi kwamba itazuia mauaji ya risasi miaka 10 baadaye anauza kitu ambacho majaribio haya hayajakipima, maana matukio ya aina hiyo ni adimu mno kuweza kupimwa kwa njia hiyo. Kwenye bunduki tutarudi.

Ukorofi hufundishwa bila mtu kukusudia

Tangu miaka ya 1960, mtafiti Gerald Patterson na wenzake mjini Eugene, Oregon, walifanya jambo lililoonekana la kipuuzi: waliwatuma watu wakakae majumbani mwa familia zenye watoto wakorofi, waandike kila kinachotokea hatua kwa hatua. Nani kasema nini, nani kajibu nini, kisha nini kikafuata. Yaliyojaa kwenye madaftari yao kila mzazi anayajua.

Mama yuko dukani na mtoto wa miaka 4. Mtoto anaona pipi. "Naomba pipi." Mama anasema hapana, tumeshakula. Mtoto anaanza kulalamika kwa ile sauti ya kuvuta. Mama anarudia hapana, safari hii kwa ukali. Mtoto anajibwaga sakafuni, anarusha mateke, watu wawili kwenye foleni wanageuka kutazama. Mama anatoa hela, pipi inanunuliwa. Kelele zinakatika kama redio iliyozimwa.

Sasa hesabu nani kalipwa. Mtoto kapata pipi, na amejua bei yake: kuomba hakutoshi, kulalamika hakutoshi, kugaragara kunatosha. Kesho ataruka hatua mbili za mwanzo. Mama naye kalipwa: aibu imekwisha na ukimya umerudi, kwa hiyo naye kesho atakubali haraka zaidi. Siku nyingine mama huyohuyo, amechoka, anampiga kofi, mtoto ananyamaza ghafla. Hapo kofi ndilo lililolipa. Baada ya miezi michache nyumba nzima inaendeshwa kwa kupandishiana: anayepanda juu zaidi ndiye anayeshinda. Patterson aliuita mzunguko wa kulazimishana. Mzunguko huu hauhitaji mzazi mbaya wala mtoto mbaya. Unahitaji watu wawili waliochoka na pipi iliyo karibu.

Mtoto huyo akianza shule anakwenda na hesabu zake. Mwalimu ametoa kazi ya kujumlisha, naye hajaielewa. Anarusha kifutio kinampata mwenzake kisogoni. Darasa linacheka, hayo ni malipo ya kwanza. Mwalimu anasimamisha somo na kumkemea mbele ya wote, na kwa mtoto ambaye hakuna mtu mzima anayemtazama akiwa ametulia, hayo ni malipo ya pili. Anarusha tena, anatolewa nje. Hesabu zimemponyoka, hayo ni ya tatu. Mwalimu naye amelipwa dakika 10 za utulivu, na kwa sababu hiyo wiki ijayo atamtoa nje mapema zaidi. Tusimlaumu, amefanya alichokifanya yule mama dukani.

Mwisho wa njia hii ni kufukuzwa, na kunaanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Walter Gilliam wa Chuo Kikuu cha Yale alipima madarasa ya awali ya umma nchini Marekani na mwaka 2005 akatoa matokeo yaliyowashtua wengi: watoto wa miaka 3 na 4 walikuwa wanafukuzwa kwa kiwango cha kama 6.7 kwa kila 1,000, zaidi ya mara tatu ya kiwango cha wanafunzi wa shule za msingi na sekondari. Mahali ambapo mwalimu aliweza kumwita mtaalamu wa tabia za watoto aje darasani, kufukuza kulikuwa kwa kiwango cha chini. Mtoto wa miaka 4 aliyefukuzwa amekosa mahali ambapo angeweza kufundishwa kuacha.

Mchezo uliobuniwa na mwalimu

Katika mambo mengi yaliyojaribiwa, moja linastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu halihitaji kitabu, mashine wala mtaalamu wa kudumu. Kiingereza huitwa Good Behavior Game. Sisi tuite Mchezo wa Tabia Njema. Wazo lilitoka kwa mwalimu wa Kansas, Muriel Saunders, aliyekuwa na darasa la nne lenye wanafunzi 24, 7 kati yao wakiwa wateja wa kudumu wa ofisi ya mwalimu mkuu. Akiwa na watafiti Harriet Barrish na Montrose Wolf walichapisha matokeo mwaka 1969. Kabla ya mchezo, ukiligawa somo katika vipande vifupi vya muda, katika karibu kila kipande kulikuwa na mtoto anayepayuka bila ruhusa. Mchezo ulipoanza, kupayuka na kuzurura darasani vilianguka mara moja.

Unachezwa hivi. Darasa linagawanywa timu, kila timu watoto 4 hadi 7, na mwalimu anazipanga yeye mwenyewe: wakorofi watawanywe, wapole watawanywe, wavulana na wasichana wachanganywe. Kanuni zinaandikwa ukutani, nne tu, na kila moja inasema la kufanya: fanya kazi kwa utulivu, zungumza kwa adabu, inuka kwa ruhusa, fuata maelekezo. Kabla ya kucheza mara ya kwanza mwalimu anatumia muda kuonyesha kila kanuni ina sura gani. "Utulivu" ni nini wakati wa kusoma kimya? Ni nini wakati wa kazi ya vikundi, ambapo kunong'ona kunaruhusiwa? Bila hatua hii watoto wanahukumiwa kwa sheria wasiyoijua.

Kisha mwalimu anatangaza mchezo umeanza na anaweka saa ya dakika 10. Watoto wanafanya kazi yao ya kawaida, maana mchezo huu hauli kipindi, unakaa juu ya kipindi. Mtoto akivunja kanuni, mwalimu anaweka alama moja kwa timu yake na kusema kwa sauti ya kawaida: "Timu ya pili, alama moja kwa kuinuka bila ruhusa, timu ya kwanza na ya tatu, asanteni kwa kubaki kwenye kazi." Jina la mtoto halitajwi, na hotuba haitolewi. Mwisho wa dakika 10, kila timu yenye alama 4 au pungufu imeshinda. Zote zinaweza kushinda siku moja, na ndivyo inavyotakiwa.

Zawadi mwanzoni ni kitu cha mkononi kinachotolewa papo hapo: stika, kifutio, muhuri wa nyota mkononi. Baada ya wiki kadhaa kitu kinapungua na nafasi yake inachukuliwa na tendo: dakika mbili za kucheza ngoma, kutoka mapumziko wa kwanza, kuchagua wimbo. Baadaye zawadi inasogezwa hadi mwisho wa siku, kisha mwisho wa wiki. Muda wa mchezo nao unarefushwa polepole, kutoka dakika 10 mara tatu kwa wiki hadi kipindi kizima, na mwalimu anaanza kuuchezesha bila kutangaza, matokeo yakitajwa baadaye. Hatua hii ya mwisho wengi huiruka, nayo ndiyo inayofanya watoto watulie hata wasipojua kama wanatazamwa.

Nguvu ya mchezo iko kwenye malipo. Kicheko cha wenzake kilikuwa kinamlipa mrusha kifutio. Sasa kurusha kunaigharimu timu, na wenzake hawacheki. Mwalimu aliyekuwa anatoa macho yake yote kwa ukorofi sasa anatoa alama kavu kwa ukorofi na asante kwa utulivu. Na mtoto ambaye hajawahi kusifiwa kwa lolote anajikuta ndani ya timu iliyoshinda.

Mjini Baltimore, kundi la Sheppard Kellam lilifanya jaribio kubwa kuanzia mwaka wa shule 1985/86 katika shule 19. Madarasa na walimu walipangwa kwa kura: wengine walichezesha mchezo darasa la kwanza na la pili, wengine waliendelea kama kawaida. Watoto wakaja kutafutwa tena wakiwa na miaka 19 hadi 21. Kati ya wanaume waliokuwa kwenye madarasa ya kawaida, asilimia 38 walikuwa wamewahi kuwa na tatizo la ulevi wa dawa za kulevya. Kwa waliocheza ilikuwa asilimia 19. Kwa wale waliokuwa wakorofi zaidi tangu darasa la kwanza tofauti ilikuwa pana zaidi, asilimia 83 dhidi ya 29, ingawa hilo ni kundi dogo na namba za kundi dogo zisishikwe kama msahafu. Kwa wasichana faida ilikuwa ndogo au haikuonekana.

Mahali unapovunjika

Baltimore yenyewe ilitoa onyo ambalo wasambazaji wa programu hawapendi kulitaja. Mwaka uliofuata walimu walewale walipokea kundi jipya la watoto, lakini mafunzo na usimamizi wa kuwatembelea darasani vilipunguzwa. Faida kwa kundi hilo la pili ilinywea.

Uingereza nako, jaribio lililosimamiwa na Chuo Kikuu cha Manchester katika shule za msingi 77 lilitoa matokeo yake mwaka 2018: hakuna maendeleo ya kusoma yaliyoonekana ukilinganisha na shule nyingine. Ukitazama ndani unakuta walimu walicheza mara chache na kwa muda mfupi kuliko ilivyopangwa, na karibu robo ya shule ziliacha kabla jaribio halijaisha. Wengine wamehitimisha kwamba mchezo haufanyi kazi Uingereza. Mimi naona dozi haikumfikia mgonjwa, lakini hilo nalo ni jibu: programu inayoachwa na robo ya shule ina kasoro ya kiprogramu, hata kama dawa yake ni nzuri.

Makosa yanayoua mchezo yanafanana kila mahali. Mwalimu anaweka kiwango kigumu siku ya kwanza, hakuna timu inayoshinda, watoto wanakata tamaa kufikia Jumatano. Au anafuta ushindi uliokwisha kupatikana akiwa na hasira. Au anawafanya timu washindane, mshindi mmoja tu, na timu iliyoshindwa inamsubiri "mwenye makosa" nje ya geti. Hapo mchezo wa usalama umezaa kipigo. Kosa jingine ni kuuchezesha wakati mwalimu mwenyewe hajaandaa kazi. Mtoto asiye na la kufanya atafanya lolote, na hakuna alama itakayomzuia.

Kuna pia mtoto mmoja anayegundua kwamba kuiangusha timu kunampa nguvu. Hata Kansas walikuwepo. Dawa yake ni kumtoa kwenye timu kwa muda na kumfanya timu ya mtu mmoja, mwenye alama zake na ushindi wake. Wenzake hawaadhibiwi kwa ajili yake, naye hana tena wa kumwangusha. Akishinda mara kadhaa peke yake anarudishwa kimyakimya.

Nyumbani: kwanza amana, ndipo adhabu

Darasa peke yake halitoshi kwa mtoto ambaye mzunguko wa kulazimishana unaendelea kila jioni. Mafunzo ya wazazi yaliyozaliwa na kazi ya Patterson, kama yale yaliyoendelezwa Seattle na Carolyn Webster-Stratton, yana mpangilio ambao wazazi wengi hutaka kuugeuza. Wanakuja wakiuliza, nimwadhibu vipi? Mwezi wa kwanza hakuna anayezungumzia adhabu.

Wanaanza na dakika 10 hadi 15 za mchezo kila siku ambapo mtoto ndiye anaongoza. Mzazi hatoi amri, haulizi maswali ya mtihani, hasahihishi. Anataja anachokiona: "Umeweka gari jekundu juu ya kopo." Inachosha mno mwanzoni, na watu wazima wengi hugundua kwamba hawawezi kukaa dakika 3 bila kuamuru. Kisha inakuja sifa, nayo iwe mahususi na ya papo hapo. "Mtoto mzuri" haimwambii kitu. "Asante kwa kumpa mdogo wako kikombe bila kuambiwa" inamwambia hasa nini kimelipa.

Baada ya hapo ndipo amri: moja kwa wakati, fupi, inayosema la kufanya. "Weka viatu mlangoni", kisha nyamaza uhesabu tano kimoyomoyo. Amri inayorudiwa mara sita inamfundisha mtoto kwamba tano za kwanza hazihesabiki. Kisha kupuuza kwa makusudi, kwa makosa madogo tu kama kulalamika na kukejeli. Kupiga na kuhatarisha havipuuzwi kamwe. Mwisho kabisa ndipo kumkalisha pembeni, dakika chache kwa mtoto wa miaka 4 hadi 6, mahali panapoonekana, bila kelele, na akirudi ukurasa umefunguliwa upya.

Kupuuza ndipo wengi wanaposhindwa, na sababu ni ya kihesabu. Tabia iliyozoea kulipwa ikiacha kulipwa ghafla haishuki; inapanda kwanza. Mtoto aliyekuwa analia dakika 5 atalia 15, atatupa sahani, atajaribu kila ufunguo aliowahi kufungulia. Mzazi ambaye hakuonywa anaona njia imeshindwa, anakubali dakika ya 14, na hapo amemfundisha mtoto kulia dakika 14. Mkufunzi mzuri husema hili kabla: ikizidi, ndipo inakaribia kukatika, na kama huna nguvu za kufika mwisho leo, usianze leo.

Tremblay na wenzake walijaribu kuunganisha nyumbani na shule. Mwaka 1984 mjini Montreal walimu wa chekechea waliwapima wavulana kutoka mitaa maskini, na 250 kati ya waliokuwa wasumbufu zaidi waligawanywa kwa kura. Waliopata msaada waliupata miaka miwili, wakiwa na miaka 7 hadi 9: mafunzo kwa wazazi nyumbani, na mafunzo ya kuishi na wenzao shuleni. Walipofika miaka 24, asilimia 46 walikuwa wamemaliza sekondari dhidi ya 32 ya ambao hawakupata, na asilimia 22 walikuwa na rekodi ya uhalifu dhidi ya 33.

Kwenye jaribio hilo kuna jambo dogo lenye uzito. Vikundi vya shuleni havikuwa vya wakorofi watupu. Kila mmoja wao aliwekwa pamoja na watoto kadhaa watulivu.

Kuwakusanya ni kuwafundisha

Jambo dogo hilo lina historia ndefu nyuma yake. Mwaka 1939, huko Cambridge na Somerville, Massachusetts, wavulana 506 waligawanywa nusu kwa nusu. Nusu moja ilipewa washauri, masomo ya ziada, matibabu na kambi za likizo, kwa wastani wa miaka 5. Mtafiti Joan McCord aliwatafuta miaka 30 baadaye. Wengi walikumbuka msaada ule kwa furaha. Lakini waliosaidiwa walikuwa wamefanya vibaya kuliko ambao hawakusaidiwa, na uchambuzi wa baadaye ulionyesha kuwa madhara yalielemea kwa wale waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja.

Thomas Dishion, mwanafunzi wa shule ileile ya fikra ya Oregon, aliona namna inavyotokea. Waweke vijana wenye matatizo katika chumba kimoja, mkufunzi wa hali ya juu akiwa mbele. Mmoja anataja alivyoiba, mwingine anacheka. Kicheko hicho ni malipo, na yanatolewa na watu ambao maoni yao yana thamani kuliko ya mkufunzi. Shule inayowakusanya watukutu wote kwenye "darasa maalum la nidhamu" imejenga chuo bila kujua. Wanaoanza programu kwa nia njema waisome habari ya Massachusetts kwanza.

Kutabiri ni kazi mbovu

Tuseme basi tuwatambue mapema na kuwapa kila kitu. Hilo limefanyika. Mradi wa Fast Track ulianza mwaka 1991 katika Durham, Nashville, Seattle na vijiji vya Pennsylvania. Karibu watoto 10,000 wa chekechea walipimwa, na 891 walioonekana kuwa hatarini zaidi wakagawanywa. Waliopata msaada waliupata miaka 10: somo la hisia na kujizuia darasani, vikundi vya wazazi, kutembelewa nyumbani, msaada wa kusoma, kupangiwa rafiki wa kucheza naye. Gharama ilikuwa kama dola 58,000 kwa mtoto.

Wakiwa na miaka 25, asilimia 69 ya ambao hawakupata walikuwa na angalau tatizo moja zito la tabia, akili au ulevi. Kwa waliopata ni asilimia 59. Soma namba hizi pande zote mbili. Tofauti ya watu 10 katika kila 100 ni kubwa katika fani hii. Lakini zaidi ya nusu ya waliosaidiwa kwa miaka 10 bado walikuwa na tatizo. Na upande wa pili, 31 kati ya kila 100 ambao walimu na wazazi waliwataja kuwa hatari zaidi wakiwa na miaka 5 au 6, na ambao hawakupewa kitu, walifika ukubwani salama. Mtafiti Lee Robins alikuwa ameshaliona hilo mwaka 1966: karibu kila mtu mzima wa vurugu alikuwa mtoto wa vurugu, lakini watoto wengi wa vurugu hawawi hivyo.

Kwa hiyo orodha ya "watoto wa kuangaliwa" ni chombo cha kugawa msaada, basi. Ikigeuka kuwa faili linalomfuata mtoto hadi darasa la saba, kila mwalimu mpya akilisoma kabla hajamwona, imekuwa hukumu iliyotolewa kwa kipimo kinachokosea mara nyingi. Hii ndiyo nguvu nyingine ya mchezo wa darasa zima: hauhitaji kumtaja mtu.

Sasa bunduki. Mwaka 2002 Idara ya Usalama wa Rais ya Marekani pamoja na Wizara ya Elimu walichapisha uchambuzi wa mashambulizi 37 ya shuleni yaliyotokea kati ya 1974 na 2000, yenye washambuliaji 41. Hawakupata sura moja ya mshambuliaji: walikuwepo wanafunzi wazuri na wabaya, wenye marafiki na wapweke. Walichokipata ni kwamba katika mashambulizi takriban manne kati ya kila matano kulikuwa na mtu aliyejua kabla, kwa kawaida mwanafunzi mwenzake. Ulinzi wa tukio la namna hiyo unaegemea swali moja: mtoto aliyesikia kitu cha kutisha, ana mtu mzima wa kumwambia? Vigundua chuma havijibu swali hilo.

Na fimbo?

Methali ya kumkunja samaki angali mbichi imetumika mno kuitetea. Kwa hesabu ya Patterson, kiboko kinamlipa anayechapa: darasa linanyamaza mara moja. Hakimwonyeshi mtoto nini cha kufanya badala yake, na kinaonyesha kwamba mwenye nguvu hutatua jambo kwa kupiga. Kenya ilikipiga marufuku shuleni mwaka 2001. Kanuni za Tanzania Bara bado zinakiruhusu, visizidi 4, kwa idhini ya mwalimu mkuu na kuandikwa. Kilichoandikwa na kinachotendeka darasani, kila aliyesoma shule anakijua.

Ushahidi wa karibu nasi unatoka wilaya ya Luwero, Uganda, ambako shule za msingi 42 ziligawanywa kwa kura na nusu yake zikatumia programu ya shirika la Raising Voices kwa miezi 18: kamati za walimu na wanafunzi, kanuni zilizokubaliwa pamoja, njia nyingine za nidhamu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Wanafunzi waliosema wamepigwa na mfanyakazi wa shule katika wiki moja iliyopita walikuwa asilimia 49 kwenye shule za kawaida na 31 kwenye shule za programu. Ni punguzo kubwa, na bado karibu mtoto mmoja kati ya watatu alipigwa wiki hiyo.

Turudi sasa kwenye Mchezo wa Tabia Njema, tuulete kwenye madarasa yetu. Darasa la watoto 80 haliwezi kuwa na timu 15. Mstari wa madawati ndiyo timu. Mistari 8, safu 8 ubaoni, chaki moja. Kanuni zipunguzwe hadi 3. Kikomo cha alama kiongezwe kwa sababu timu ni kubwa, labda 6 badala ya 4, mradi siku ya kwanza karibu kila mstari ushinde. Zawadi iwe ya bure: mstari ulioshinda unatoka kwanza kwenda uji. Kipindi cha kuanzia kiwe kile ambacho watoto wote wana kazi mikononi, si kile cha kunakili ubaoni huku nusu ya darasa haioni.

Na kabla ya kuanza, ahesabiwe adui. Kwa siku 5, dakika 10 zilezile za somo lilelile, mwalimu aweke kijiti kwenye daftari kila mtoto anapopayuka au kuinuka, bila kubadili kitu. Bila hesabu hiyo, mwalimu aliyechoka atasema haijasaidia na mkuu wa shule mwenye shauku atasema imesaidia, na wote watakuwa wanakisia. Wale wa Kansas walihesabu, kisha wakafanya jambo ambalo walimu wengi hawathubutu: mambo yalipotulia waliusimamisha mchezo kwa siku chache. Kelele zikarudi. Wakaurudisha, zikashuka tena.